Nilivyotoroka Chuo cha Usingizi

Siku niliyotoroka chuo cha usingizi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Siku ya harusi nilisukumwa na shangazi huku na huku. Siku ya kutoroka nilikwenda kwa akili zangu mwenyewe, na hapo ndipo aibu ilipo. Nilishuka stendi ya Makambako mchana, upepo wa kwetu ukanichapa usoni, nikacheka peke yangu kama mtu aliyetolewa jela. Mkononi nilikuwa na begi, kichwani nilikuwa na uongo ulioiva tayari: mafunzo yameahirishwa.

Mwanangu, wewe unayefikiria sasa ukasomee fani gani ya uuguzi, ngoja nikueleze kwanza, maana jina la chuo linapotosha. Chuo cha usingizi si mahali pa kulala. Ni mahali muuguzi anakofundishwa kumlaza mgonjwa anayepasuliwa, kumlindia pumzi yake wakati yeye hajui kitu, na kumwamsha. Mimi wakati huo nilikuwa muuguzi wa kawaida, kidato cha nne na cheti cha uuguzi, msichana wa wodi ya akina mama katika hospitali yetu ndogo kati ya Makambako na Njombe. Hospitali ilinichagua mimi niende kusomea kule Morogoro. Wenzangu walinionea wivu. Wangejua!

Sababu ya kutoroka ilikuwa nini? Joto, mwanangu. Mimi nimezaliwa mahali ambapo mtu akiona jua kali anaanika blanketi. Kule nililala nimejimwagia maji, nikaamka nimelowa jasho. Nikakumbuka kande za mama, nikakumbuka moshi wa jikoni, nikakumbuka hata ndoo yetu iliyotoboka. Mimi ni mtu wa nyumbani, sifichi. Mpaka leo nikienda Njombe mjini kununua kitambaa, kabla sijafika dukani nimeshaanza kujiuliza kama moto niliuzima. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke akae mwaka mzima bwenini!

Na nilikuwa na kisingizio kizuri zaidi ya joto. Kwenye hospitali yetu kulikuwa na Mzee Luvanda, mtaalamu wa usingizi, ambaye alifanya kazi hiyo tangu mimi sijaanza shule. Nilikuwa nikitumwa chumba cha upasuaji kupeleka vifaa, nasimama pembeni yake, naangalia. Anachoma sindano, anashika barakoa, anaminya mfuko wa hewa, mgonjwa analala, mgonjwa anaamka. Nikajiambia, hii kazi nimeshaiona. Ya nini kwenda kuungua Morogoro kwa kitu nilichokwisha kukiona?

Basi nikaenda kwa Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, nikamwaga uongo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia kabisa. Kumbe chuo kilikuwa kimeshampigia simu kuuliza mwanafunzi wao amekwenda wapi.

"Na hata yasingeahirishwa," nikaongeza, maana mwongo hajui kunyamaza, "mimi ile kazi naijua, Matroni. Nimemwona Mzee Luvanda miaka yote."

"Unaijua?"

"Naijua."

"Twende."

Tulimkuta Mzee Luvanda chumba cha upasuaji anafuta vyombo vyake. Matroni akasema, "Mzee, mwanafunzi wako huyu amerudi. Anasema anajua."

"Anajua?" Mzee akaweka kitambaa chini. "Bwana asifiwe. Mimi basi kesho nastaafu." Akavuta kigoda, akakaa. "Haya, binti. Mgonjwa umemlaza, dawa imeshamlegeza mwili mzima, hapumui mwenyewe. Unafanyaje?"

"Nampumulisha kwa mfuko."

"Unaminya, hewa haiingii."

"Namnyoosha kichwa, nainua taya."

"Bado haiingii."

Nikaangalia ukutani kama vile jibu limebandikwa pale. "Basi… nakuita wewe, Mzee."

"Mimi nimestaafu. Niko kijijini kwangu Kichiwa, navuna viazi."

"Namtuma mtu aje akuite."

"Kwa miguu au kwa baiskeli?"

Matroni aligeukia dirishani. Niliona mabega yake yanatikisika. Mzee Luvanda hakucheka hata kidogo. "Huyo mgonjwa hawezi kuningoja mpaka nivae viatu," akasema. "Ulichokiona wewe ni siku ambazo mambo yalikwenda sawa. Kwa siku hizo hata mimi nisingehitaji kusoma. Chuo kipo kwa ajili ya siku ile moja nyingine."

Kisha Matroni akageuka, na safari hii hakukuwa na kicheko. "Mzee anaondoka masika ya mwakani yakianza," akaniambia. "Akiondoka na wewe huna cheti, mlango huu naufunga kwa kufuli. Siruhusiwi kumweka hapa mtu aliyejifunza kwa kuchungulia, na hata ningeruhusiwa nisingefanya. Kila mama ambaye mtoto atamkwama tutampakia kwenye gari mpaka Njombe, na matope yale unayajua. Wewe ndiye utakayepanda naye nyuma, umweleze njiani kwamba Morogoro kuna joto."

Mwanangu, nimewahi kugombezwa na baba, mchungaji na mama mkwe. Hakuna aliyewahi kunifikisha pale.

Kesho yake nilikuwa nafunga begi tena. Jirani yangu Mama Atu, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu nimfahamu, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Kamwene, Sista," akanisalimia kwa kilugha chetu.

"Kamwene."

"Safari hii unakwenda kusoma, au unakwenda tena kusalimia?"

Nilikunja sweta yangu, halafu nikaitoa begini nikaiacha kitandani. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu wa kwanza wa kikubwa.

Kule chuoni walinipokea kwa masharti. Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi wa maneno machache, alinirudisha mwanzo kabisa, kuosha mirija na kukagua mitungi ya oksijeni, wakati wenzangu wameshaanza kushika wagonjwa. Alikuwa na utaratibu wake. Ukianza kumhudumia mgonjwa anasimama ubavuni kwako, mikono yake iko mbele, tayari kukupokonya. Kadiri unavyoiva anarudi nyuma hatua. Siku atakapoiweka mikono yake mgongoni, ujue amekuamini. Hakuna cheti nilichowahi kukitamani kama ile mikono iende mgongoni. Wenzangu wote aliwawekea kabla yangu. Mimi nilipowekewa, nilitaka kupiga vigelegele, ila mgonjwa alikuwa amelala.

Ukaja mtihani wa vitendo. Unaingia chumbani, kuna sanamu la mpira limelala kitandani, msimamizi kakaa na saa yake, unaonyesha unavyomwandaa mgonjwa kabla ya kumlaza. Sasa mimi na malezi yangu ya kwetu, ambako huwezi kumgusa mtu hujajua kaamkaje, nikasogea kichwani kwa lile sanamu nikasema, "Kamwene, mama. Habari za nyumbani? Watoto umewaacha na nani? Mahindi yameshapaliliwa?" Nikasubiri jibu. Wallahi nilisubiri.

Msimamizi akakohoa. "Sista, huyo ni sanamu."

"Najua, mwalimu," nikasema. "Lakini yeye hajui mimi ni nani."

Akaangalia saa, akaniangalia mimi. "Endelea. Ila mahindi yaache." Nikaliuliza sanamu lilikula saa ngapi, lina meno ya bandia, lilishawahi kupasuliwa, lina mzio wa dawa gani. Baadaye nikajua maswali hayo yana alama nyingi, na kwamba wengi waliruka moja kwa moja kwenye mfuko wa hewa kwa sababu mgonjwa wa mpira hawezi kulalamika. Mimi nilifaulu, mwanangu. Nilifaulu vizuri, na darasa zima likanipa jina la Kamwene mpaka tukaagana.

Nilirudi masika yameshapiga barabara. Mzee Luvanda, aliyekuwa amebaki akinisubiri, alinikabidhi vyombo vyake, akanipa mkono, akaenda zake Kichiwa. Wiki hiyohiyo akaletwa dada mmoja, uchungu umemchosha, mtoto amekaa vibaya, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Matroni akawa ameshika simu ya kuitia gari la Njombe, hajapiga. Aliniangalia tu.

"Tunapasua hapa," nikasema. Sauti ilitoka nzito kuliko nilivyotarajia.

Nilimsalimia yule dada, nikamuuliza yote ya kuuliza, nikamwahidi kwamba ataamka, nikamlaza. Nikaminya mfuko. Hewa haikuingia. Nikanyoosha kichwa, nikainua taya. Haikuingia. Daktari kashika kisu ananisubiri, na mimi nilijua kwamba hakuna wa kumwita. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza kabla sijaogopa: nikamwekea mdomoni kile kipande cha mpira kinachozuia ulimi usizibe koo, nikaikamata barakoa kwa mikono miwili, nikamwambia mwenzangu, "Wewe minya mfuko, taratibu." Akaminya. Kifua kikapanda! Mwanangu, kifua cha binadamu kikipanda mbele yako namna ile, hutaki tena kuona mlima wowote. Nikapitisha mpira wa kupumulia kooni ukakaa mahali pake, nikamwambia daktari, "Endelea."

Mtoto alitoka, akakaa kimya kwa muda wa kutuua sote, halafu akalia kilio cha mtu mwenye hasira na shamba lake. Mama yake alipofungua macho aliuliza, "Uliniahidi nitaamka, sivyo?" Nikamwambia, "Umeshaamka." Akacheka, akalia, na mimi nikafanya vyote viwili. Nje nilimsikia Matroni kwenye simu, anaongea kwa sauti kubwa ambayo hakuhitaji, ili kila aliyekaa kwenye benchi asikie: "Hapana, gari msilete. Mtaalamu wetu tunaye hapahapa."

Ule mlango haujafungwa mpaka leo. Na wengine wametoka kwenye chumba kilekile wakaenda kusomea, wakarudi, na kila mmoja nimesimama ubavuni kwake mpaka mikono yangu ikaenda mgongoni.

Sasa nisikilize. Siku hizi fani ni nyingi, na nafurahi. Kuna wauguzi wa wagonjwa mahututi, wa watoto wachanga, wa macho, wa figo, wa saratani, wa afya ya akili. Mnajifunza kwa sanamu linalopumua na kutoa jasho, mnasoma masomo mengine kwenye simu huku mko kazini. Sisi tulibeba madaftari, ninyi mna bahati. Ila nawaona wengine mnachagua fani kwa kuuliza ipi ina jina kubwa. Uliza kwanza pale ulipo ni mlango gani utafungwa asipopatikana mtu, kisha kasomee huo. Usije ukasema umeona. Kuona nimeona mimi, na nusura nione mama akibebwa kwenye matope. Ukienda, kaa, hata kama kuna joto. Ukifaulu, rudi, na uwe na mtu unayemfundisha. Na cheti ukishakipata usikiweke kwenye fremu ukadhani kazi imekwisha. Dawa zinabadilika, vyombo vinabadilika, na leseni yetu haihuishwi bila alama za masomo mapya. Hivyo ndivyo inavyopaswa.

Mungu akupe mwalimu mkali na mikono mitulivu. Akupe usingizi wako mwenyewe wa kutosha. Na kila utakayemlaza, akujalie umwone akifungua macho na kuuliza watoto wake wako wapi.

Mimi nami bado nasoma, ingawa kustaafu kunanukia. Juzi nilikuwa jikoni na Mama Atu, simu mkononi, maswali ya somo jipya yananitoa jasho kuliko Morogoro, nikaanza kulalamika kwamba kwa umri huu wangenihurumia. Mama Atu hakuacha kumenya viazi.

"Soma unyamaze," akasema. "Mwezi ujao napasuliwa ngiri, na mimi silazwi na mtu aliyechoka kusoma."