Hifadhidata ya Mbuzi wa Kalama

Kazini kwangu Athi River huwa naunda hifadhidata kwa programu kubwa yenye vitufe vya kila aina. Nilipoenda Kalama likizoni, mama yangu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji, alinipokea na ombi.

"Tutengenezee kitu kwa kompyuta kituambie mbuzi yupi ni mtoto wa nani. Wamezaana mpaka tumechanganyikiwa."

Laptopu niliyobeba ilikuwa kuukuu. Nilifungua ile programu, ikaganda. Nikaijaribu tena baada ya chai, ikaganda vilevile. Ndipo nikaamua kufanya jambo ambalo nimelikwepa miaka yote: kuujenga mradi mzima kwa amri za kuandika. Nikaandika jedwali la majike na la mabeberu, kila moja katika faili lake, nikafungua lile dirisha jeusi lisilo na kitufe hata kimoja, nikaandika amri ya kujenga.

Mama aliacha kuchambua pojo, akaja kuchungulia. Mistari myekundu ilijaa.

"Imeharibika?"

"Hapana, mama. Inakataa tu. Huku nimeandika 'baba', kule nimeandika 'beberu'. Haijui ni mmoja."

"Haki yake. Hata mimi ningeuliza."

Nikasahihisha, nikairudia amri. Mradi ukajengeka bila kosa, nami nikapiga makofi peke yangu pale mezani. Tukaanza kuingiza mbuzi, mama akinitajia kila mmoja na wazazi wake kutoka daftari la kikundi: yule mwenye sikio lililochanika, yule anayekula nguo kwenye kamba. Kisha akaniambia niulize kuhusu mtamba wake mweupe, aliyekuwa apelekwe kwa beberu wa jirani.

Jibu likatokea. Beberu huyo ndiye aliyemzaa.

"Haiya! Tungemwoza babake!" Mama alishika kiuno akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Asubuhi tulimpeleka mtamba ng'ambo ya kilima, kwa mwanachama mwenye beberu asiye wa ukoo wake. Mimi nilivuta kamba, mama akatangulia, akimsimulia kila tuliyekutana naye jinsi arusi ilivyovunjika.

Miezi ilipita. Nilikuwa kwenye kantini ya kazini mama aliponipigia simu.

"Mapacha, mwanangu! Wote wamesimama, wananyonya."

Nilicheka kwa sauti, wenzangu wakageuka kunitazama. Nikawaambia nimepata wajukuu.