Wiski ya Pipani Siku ya Posa ya Neema

Jambo hili nimewaficha majirani wa Temeke mpaka limechoka kufichwa, sasa nalitoa mwenyewe kabla hajalitoa mwingine akalitia chumvi: mie, Mama Neema, mjane, mwana kanisa, mwenye kukemea ulevi kila mkutano wa akina mama, nilinuka wiski siku watu walipokuja kumposa binti yangu. Na kunuka si ndiyo aibu kubwa. Aibu kubwa ni zile dakika nilizonyamaza.

Nilikuwa napika kwa Mskochi mmoja kule Kurasini, bwana mpole, hana mke, na ndugu yake huko kwao anafanya kazi panapotengenezwa wiski, basi alikuwa akimletea chupa zisizo na karatasi, zimejazwa moja kwa moja kutoka kwenye pipa kabla haijatiwa maji. Siyo kama ile ya dukani (ambayo sie Waafrika tulikuwa hatuuziwi bila kibali cha serikali, kwa hiyo ya dukani msiniulize ikoje). Hii ya pipani ukiinywa kavu ulimi unaungua, husikii ladha ya kitu chochote, moto mtupu. Bwana kila nikimpelekea trei alikuwa ananieleza, tia maji kijiko kimoja cha chai, ngoja, nusa, tia kingine, ngoja, nusa, maji ndiyo yanayoiamsha. Na kweli, mie nisiyeonja hata togwa iliyolala, pua yangu ikajifunza. Kwanza unasikia moshi wa kuni mbichi, ukiongeza maji inakuja asali, halafu zabibu kavu, halafu ubao mpya wa seremala, na ukizidisha kijiko kimoja tu vyote vinakimbia. Nikawa naandika nyuma ya daftari langu la masomo ya jioni, chupa hii vijiko vitatu, chupa ile vinne. Wageni wa bwana wakibishana naitwa mie kutoka jikoni, nanusa, nasema bado kijiko kimoja, wanacheka, wanatia, wanakubali. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kujiona.

Sasa Jumamosi ya posa nikaomba niondoke mapema, maana wageni wangu walikuwa waje saa kumi. Kijana anaitwa Eliezeri, karani wa bandarini, hana neno, ila baba yake, Mzee Natanaeli, ni mzee wa kanisa wa kuogopwa: posa ya mwanawe mwingine aliivunja mwenyewe kwa sababu alikiona kibuyu cha pombe mvunguni mwa wakwe. Neema wiki nzima hakula vizuri. Mie nami usiku nilikuwa naamka kuchungulia mvunguni, na wakati najua hamna kitu. Asubuhi hiyo nikavaa kabisa gauni langu jeupe la akina mama wa kanisa ili nikitoka kazini nisipoteze muda, na saa nane nilikuwa nimeshika mlango nitoke.

Bwana akaniita. Alikuwa na wageni wawili, na mmoja, mnene, shingo nyekundu, alikuwa anasema pua peke yake ni uongo, huyu mama amekaririshwa kama kasuku, kama anajua kweli na aonje. Bwana mwenyewe alisema hakuna haja, niende zangu. Ningekwenda. Lakini kasuku, jamani? Nikajiambia tone moja siyo kunywa, mbona hata mezani pa Bwana tunapewa divai, nikainua glasi, haijatiwa maji bado, nikagusisha ulimi.

Kama umewahi kumeza makaa utanielewa. Pumzi ilikata, nikakohoa kikohozi cha kifaduro, mkono ukaruka, na glasi yote ikamwagika kifuani pangu, kwenye gauni jeupe. Yule mnene alicheka mpaka akatoka machozi, bwana akakimbia kuleta taulo, mie nikakimbia kwangu.

Njiani nilikuwa natembea nusu na kukimbia nusu, jua kali, upepo unapiga, na nilipofika nikajinusa nikaona imekauka, haisikiki sana, nitabadilisha nguo yaishe. Kumbe wageni wameshafika (watu wa bara hao, ukiwaambia saa kumi wanakuja saa tisa). Na nyumba yangu ni chumba kimoja, sanduku la nguo liko chini ya kitanda, na juu ya kitanda hicho amekaa Mzee Natanaeli na mkewe, Mama Eliezeri. Utasemaje, samahani baba, inua miguu nitoe gauni lingine, hili lina nini?

Basi nikazunguka uani, nikachota maji kwenye ndoo, nikasugua kifua. Maji. Mie, mwenye daftari la vijiko. Nilipoingia ndani, mabati yanawaka na dirisha ni dogo kama la kuku, wiski ikaamka yote, moshi, asali, zabibu kavu, na ubao wa seremala juu yake.

Nilikaa mkekani karibu na kaka yangu Zakayo, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba wa mtoto. Zakayo alikuwa mlevi, siwafichi, Temeke nzima ilimjua, ila alikuwa ameacha, mwaka wa pili huo, kwa machozi na kwa sala. Mzee Natanaeli akaanza kuomba, akafika kwenye "uibariki nyumba hii," akanyamaza. Akafumbua macho. Mama Eliezeri alikuwa ameshaziba pua kwa kanga.

Mzee akauliza taratibu ni nani aliyekunywa. Watu wote wakamtazama Zakayo.

"Sijanywa, mzee," Zakayo akasema.

"Mlevi hajijui."

Na masikini Zakayo akainua mkono wa shati lake akajinusa, kama mtu ambaye kweli hana hakika. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilimtazama Neema, amesimama mlangoni na trei ya chai, nikawaza kaka ameshazoea kusemwa, atavumilia, nitamwomba radhi baadaye. Nikamwacha. Mzee akachukua kofia, akasimama, akasema yeye hatamwoza mwanawe kwenye ukoo wa walevi, na Zakayo akainamisha kichwa, akaanza kuomba msamaha wa kosa asilolifanya. Ndipo ikanishinda.

"Ni mie, baba. Ni gauni langu."

Nikaeleza yote, bwana, mnene, kasuku, tone. Mzee Natanaeli alisikiliza ameshika kofia kifuani, akakunja uso.

"Uliitia maji?"

"Hapana, baba."

"Hiyo ya pipani hainywewi bila maji, hata wenyewe hawaiwezi."

Mama Eliezeri akateremsha kanga puani polepole.

"Baba Eliezeri, hayo umeyajulia wapi?"

Mzee akasema zamani kabla ya ubatizo alikuwa dobi wa Mzungu huko Moshi. Mkewe akasema dobi ni wa mashati, kilichomo kwenye glasi anakijuaje. Mzee akavaa kofia, akaivua, akakaa. Mkewe ndiye aliyesimama: leo hatuzungumzi posa, nyumba hii ina harufu na mume wangu ana maneno, atayamalizia kwetu. Wakaondoka.

Zakayo akanywa ile chai akaniambia, "Dada, miaka miwili sijagusa kitu, leo umenilewesha kwa gauni." Alicheka, mie nikalia. Neema hakunisemesha wiki mbili, anapika, anaosha, anapita pembeni yangu kama anapita nguzo, na wiki hizo mbili kila hatua uani nilidhani ni mtu kaleta jibu la hapana.

Jumamosi ya tatu Mama Eliezeri akaja na mumewe. Hakuingia. Alinisimamisha mlangoni, majirani wanaona, akaninusa kutoka begani mpaka kwenye pindo, hana haraka, kama anayechagua samaki. Kisha akampa Zakayo mkono kwanza, kabla yangu, akamwambia walimkosea, ndipo akaingia na posa ikapokelewa. Mzee siku hiyo hakusema neno moja.

Kwa bwana niliendelea kupika, ila glasi akawa anajinusia mwenyewe, hata wageni wakiniita kasuku, kunguru au bata. Na tangu siku ile, popote nilipo, watu wakianza kunusanusa na kutazamana, mie ndiye wa kwanza kusema ni mimi, hata kama ni panya amefia darini.