Hewala ya Barazani na Njia ya Hospitali

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama kando ya mkono wa bahari huku kwetu karibu na Gazi, maji yamejaa mpaka yamefunika mizizi ya mikoko, na nyuma yangu dada yangu amekaa mchangani, mikononi ana mtoto mchanga anayekakamaa kwa homa. Nilikuwa msichana wa kuchumbiwa tu, mwana sijui uchungu wake, lakini hofu niliyoionja asubuhi ile haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa nimeilaza. Juzi umeiamsha wewe, Saumu, mjukuu wangu, bila ya kujua.

Ulikuja siku ya Idi na halua yako, ukanikalisha karibu ukanifungulia simu. Ukanionyesha hospitali yetu inavyohamishwa kutoka huku chini, ambako majengo yamechakaa na nafasi imekwisha, ikapelekwa kule juu, ng'ambo ya barabara kuu. Ukaniambia wewe na wenzako ndio mliopewa kazi ya kupanga watu watafikaje: barabara ipi itiwe lami, tuktuk zisimame wapi, gari la wagonjwa liingilie geti gani. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nimewatangazia majirani mpaka wakiniona naja wanajitia kazi. Lakini nilipokuuliza kama watu wa vijijini wameridhika, ulinijibu kwa furaha, "Bibi, tumekaa na wazee wa kila kijiji. Wote wameitikia hewala, hapana hata mmoja aliyepinga."

Hapo ndipo halua iliponishinda. Nilitaka kusema palepale, lakini wageni wa Idi walikuwa wengi, na jambo lenyewe ni la ndani ya nyumba yetu. Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Nashika ufagio nauweka, nakwenda jikoni nasahau nilichokifuata. Basi sikiliza, na ukiona nazunguka, nivumilie, maana hadithi hii sijapata kumsimulia mtu.

Wakati wa usichana wangu kijiji chetu kilikuwa na zahanati ndogo karibu na msikiti. Barabara ya lami ilipojengwa, wakubwa waliona afadhali zahanati ihamie kando ya barabara, ili gari la dawa liifikie na mgonjwa mahututi asafirishwe upesi. Walikuwa na haki, nami siwalaumu. Wakaja wageni, watu waungwana, wakakaa na wazee wetu barazani kwa Mzee Salimu, aliyekuwa mkubwa wa kijiji. Walikuwa wameshaitafuta njia fupi ya miguu ya kutoka majumbani mpaka zahanati mpya, na njia hiyo ilikatiza katikati ya makaburi ya zamani. Wakauliza, mwaonaje? Wazee wakaitikia hewala. Kahawa ikanywewa, dua ikasomwa, wageni wakaenda zao wameridhika kama wewe ulivyoridhika.

Umezaliwa hapa, lakini umesomea mbali, kwa hivyo nikukumbushe hewala ya kwetu. Mgeni akikaa barazani pako humkatalii neno lake usoni pake. Unamwitikia, unamtilia kahawa, na yale ya ndani mnayasema wenyewe kwa wenyewe akishaondoka. Ni adabu nzuri, nami nimelelewa nayo na nimewalea watoto wangu nayo. Ila wageni wale walikuwa na lao la kujenga, na wakishalijenga halirekebishiki tena. Na wanawake hatukuwapo pale barazani. Tungalikuwapo, yeyote kati yetu angaliwaambia kwamba mama aliye ndani ya siku arubaini za uzazi hapiti makaburini, wala mtoto wake hapitishwi. Wazee walilijua hilo vizuri sana. Wake zao wamezaa. Lakini mambo ya uzazi hayatajwi mbele ya wageni wa kiume, basi wakanyamaza.

Kwa hivyo zahanati ikahama, na wanawake wenye watoto wachanga wakabaki na njia ya zamani, ile ya kuzunguka kwenye mikoko. Maji yakitoka unavuka kwa miguu, unatota mpaka vifundoni tu. Yakijaa, na hasa siku za bamvua, bahari ikijaa kupita kiasi, huvuki. Unangoja.

Dada yangu Mwanaidi alikuwa amejifungua mwanawe wa kwanza. Mama yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki, basi shangazi yetu Mwanakombo ndiye aliyekaa naye siku za uzazi, akimkanda na kumpikia uji wa pilipili manga. Mume wa dada alikuwa kazini Mombasa. Asubuhi hiyo mtoto aliamka amepata moto, hataki ziwa, na kabla jua halijapanda degedege likamshika. Macho yakageuka juu, mikono ikajikunja. Shangazi alitia leso kichwani, akasema, "Haya, zahanati." Tukatoka mbio, mimi mbele, na hakuna aliyeuliza njia gani, kwa sababu kwetu njia ilikuwa moja.

Tulipofika kwenye mkono wa bahari maji yalikuwa yamejaa.

Sijui kama nitaweza kukueleza kungoja kule. Mtoto akitulia kidogo, twamshukuru Mungu, kisha anakakamaa tena. Dada halii, anamtazama tu usoni. Shangazi anatazama maji. Mimi natazama mti mmoja wa mkoko, nimeushika kwa macho, nangoja nione mzizi mmoja tu utoke majini, na hautoki.

Mwishowe nikasema, "Shangazi, turudi tupite makaburini. Ni karibu."

"Nyamaza wewe."

"Mtoto atatufia hapa, shangazi."

Akanigeukia, nikadhani atanipiga. Lakini alimtazama dada yangu, na dada akatikisa kichwa, hataki. Maskini, alikuwa mtoto naye. Tangu udogo wake ameambiwa kwamba atakayempitisha mtoto wake mchanga kule amemtoa afe kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa akiogopa maji, anaogopa makaburi, anaogopa homa, na kila upande aliogeukia alimwona mwanawe anaondoka.

Tukangoja tena. Kisha shangazi akainama, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa dada, akamfunika uso kwa leso yake. Akasema taratibu, "Mwanaidi, mimi ni mkubwa wako. Kama kuna lolote, liwe juu yangu, si juu yako." Akaanza kurudi tulikotoka. Dada akamfuata kama mtu aliyepigwa butwaa, nami nimemshika kiuno. Tukapita makaburini, shangazi mbele akisoma kila aya aliyoihifadhi. Wala usidhani alipita kwa kuwa haamini. Aliamini kuliko sisi sote, na akapita hivyo hivyo.

Pale zahanati tabibu alimpokea mtoto akampiga sindano, akatuuliza kwa nini tumechelewa. Likapatikana gari la mizigo barabarani, mtoto na mama yake wakapelekwa hospitali kubwa. Mimi na shangazi tukabaki kwenye benchi la nje. Haukupita muda mrefu, Mzee Salimu akaja kutujulia hali, kwa kuwa habari ilikuwa imeshaenea.

Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika marahaba. Shangazi hakumwamkia. Kwa mwanamke wa heshima kama yeye, hilo peke yake lilitosha kumfanya mzee abaki amesimama.

"Salimu," alimwambia, "siku ile ya wageni mliitikia hewala. Hewala ile ilikuwa ya nani?"

"Ya kijiji, Bi Mwanakombo."

"Kijiji gani? Mimi si wa kijiji? Mwanaidi si wa kijiji?"

Mzee Salimu akatazama chini. "Mambo yale yangesemwaje mbele ya wageni? Tuliona haya."

"Mliona haya," shangazi alisema. "Basi haya yenu nimeibeba mimi leo mgongoni, na mwana wa watu ndani yake. Mngeomba ruhusa mkaja kutuuliza ndani, tungewaambia. Sisi hatuoni haya kumwokoa mtoto."

Hakupaza sauti. Mzee yule, ambaye kijiji kizima kilimwogopa, alivua kofia yake akaishika mkononi, na machozi nikayaona. Wala hakujitetea zaidi. Wiki ile ile aliwakusanya vijana wakafyeka njia nyingine, inayoyaacha makaburi kando na kukatiza katikati ya shamba lake la minazi. Njia ilipatikana, mwanangu, tena kwa urahisi. Ilikuwa haijaulizwa tu.

Nami sikusalimika. Tulipokuwa twarudi nyumbani ujana ulinipanda kichwani, nikamwambia shangazi, "Si nilisema tangu mwanzo tupite makaburini?" Akasimama. Akaniambia, "Ulisema kweli, na kweli yako haikumsogeza dada yako hata hatua. Mtu mwenye hofu usimwambie hofu yake upuuzi. Mtafutie pa kupita." Maneno hayo nimekaa nayo umri wangu wote, na ndiyo ninayokupa wewe leo.

Sasa lile lililobaki, ambalo hukupata kuambiwa. Mtoto hakufa. Alirudi amenona, anacheka, tukamfanyia maulidi. Ilichukua muda kabla dada hajatambua kwamba sufuria ikianguka nyuma yake mtoto hashtuki. Mtoto yule, Saumu, ni baba yako. Wewe umekua ukiambiwa kwamba hasikii kwa sababu aliugua utotoni, na ni kweli, aliugua. Ulizungumza naye kwa mikono kabla hujajua kusoma. Lakini ile asubuhi ya maji hakuna aliyekuhadithia, kwa kuwa bibi yako Mwanaidi alifariki akiamini kosa ni lake, na hatukutaka kuligusa jeraha lake.

Je, tungalifika mapema angalisikia? Madaktari hawakutuambia hivyo, nami sitakuambia. Huenda homa ilikuwa imeshafanya kazi yake tungali nyumbani. Huenda siyo. Kutojua huko ndiko kunakoniumiza, na ndiko nisikotaka ukubebe wewe kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.

Basi mwanangu, kabla hamjamwaga lami, rudini. Wazee wameshawapa adabu yao, mshukuruni, kisha ombeni ruhusa ya kuingia ndani. Nenda kliniki siku ya kupima watoto, kaa kwenye benchi na wanawake, uwaulize wanapita wapi, na zaidi uwaulize wapi hawapiti. Wasikujibu siku ya kwanza, rudi. Watakuambia kwanza yasiyo na uzito, ndivyo tulivyo. Uliza mama aliyejifungua atarudije nyumbani, maana kila mtu anapanga kumfikisha mgonjwa na hakuna anayepanga kumrudisha. Uliza mwenye kubeba uji na chakula cha mgonjwa ataruhusiwa kushuka wapi, au askari atamsimamisha kule barabarani penye malori ya miwa, na chombo chake kichwani. Uliza watu wa kijiji cha Mkongani mvua ikinyesha wanafanyaje. Uliza maiti atatokea mlango gani, maana kwetu janaza haikai, na tuktuk nyingi hazikubali kumbeba. Na wakikutajia jambo ambalo wewe msomi unaliona dogo, la mila, usicheke. Wewe si wa kuwabadilisha watu siku wanapougua. Siku hiyo mtu anapita anapopajua.

Kama kuna njia katika ramani yako inayogusa makaburi au msitu wa kaya, ule mtakatifu wa wazee, isogeze sasa, ingali mstari kwenye simu.

Najua wakubwa wako wana haraka, na najua watakuambia mkutano ulishafanyika na watu walikubali. Waambie wewe ni wa hapa na hewala ya kwenu unaijua. Wakikukasirikia, wakasirike. Hasira ya mkubwa wa kazi itapoa. Mimi nimemwona mama amekaa mchangani akingoja maji yatoke, na hilo halikupoa.

Nenda, mjukuu wangu. Mwenyezi Mungu akulainishie ulimi mbele ya wakubwa na akufungulie mlango mbele ya wanawake. Kila mgonjwa atakayefika salama kwa njia utakayoipanga, thawabu yake ikufikie wewe, na nyingine imfikie Mwanaidi huko aliko, apumzike. Ukipita kwa baba yako leo, mshike mkono umbusu, umwambie nimekutuma. Hatauliza kwa nini, na wewe usimweleze.