Kaske Niliyoipiga Teke

Kosa ni langu, sitalizungusha. Nilimwita msaliti kijana niliyemnyonyesha kwa maziwa yangu, mbele ya soko zima la Rumonge, na hakuwa amemsaliti mtu. Kisha nikaujua ukweli, nikaukalia kama kuku anavyokalia mayai. Nisikilizeni kwanza, mnihukumu baadaye.

Mimi ni bibi wa watu. Shule niliiacha mapema, herufi nimeziokota huku na huku, kwa hiyo mkiona nimekosea msinicheke. Nisingeandika kama si mjukuu wangu, mtu mzima mwenye mke, aliyekuja kwangu juzi na kaske mpya, kofia ile ya pikipiki. Hii yake inaongea! Anaendesha huku anazungumza na watu, sauti iko ndani ya kofia.

"Bibi, tazama, iko Bluetooth! Haina hata waya!"

"Haina waya?"

"Hata mumoja! Mikono iko kwenye usukani, mie naongea na mutu wa Bujumbura."

Akanivalisha kwa nguvu huku anacheka, na humo ndani nikasikia sauti ya mama yake, Mariamu, binti yangu, ananiuliza nimekula nini. Niliivua nikakaa chini. Mjukuu akadhani nimeshikwa na kizunguzungu.

"Bibi imekushtua, ee? Wazee na mashine!"

Nilikuwa nawaza neno moja tu. Haina waya. Basi hawa wakipatwa na mabaya, hata ushahidi hautabaki.

Wakati wa vita nilikuwa mjane, nafanya biashara ya mawese. Marehemu mume wangu aliniachia pikipiki na kaske yake, na aliyeiendesha ni Shabani. Huyu Shabani ni mtoto wa jirani yangu Mzee Issa. Mama yake alifariki akimzaa. Mimi nilikuwa na Mariamu mchanga kifuani, nikamchukua na yule. Ziwa la kushoto Mariamu, la kulia Shabani. Kwa dini yetu hao ni ndugu, hawaoani, na mimi ni mama wa wote wawili. Hivyo ndivyo walivyokua.

Barabara ya Minago ilikuwa mbaya siku zile. Asubuhi wanajeshi wanaifungua, watu wanapita, na mchana wenye bunduki wanaweza kushuka kutoka milimani wakati wowote. Waliookoa roho za watu wengi ni wanawake wanaokamua mawese kando ya barabara. Wao wanaona michikichi ikitikisika kabla ya mtu yeyote. Wakiona, wanachukua bidoni tupu, yale madumu ya mafuta, na fimbo, wanapiga. Nga! Nga! Nga! Ukisikia bidoni, unageuza. Huulizi, husimami kusalimia, unageuza. Mtoto wa pwani yetu anaijua sauti hiyo kabla hajaijua adhana.

Kwa hiyo dereva aliyesikia bidoni akapita, sisi tulikuwa na jina lake moja tu: msaliti. Amepatana na watu wa msituni. Anawapelekea abiria.

Sasa Shabani akanunua radio ndogo ya kaseti, ya kuning'iniza shingoni, ina nyuzi za kutia masikioni. Anazipitisha chini ya kaske, anaendesha anasikiliza muziki wa Kongo. Nilimkuta nayo hapo uani.

"Wewe, una wazimu? Barabara hii tunapita kwa masikio!"

"Mama, nasikia vizuri tu. Naweka sauti kidogo."

"Kidogo kitakuua. Nikikuona nayo tena, usiniite mama. Umenisikia? Usiniite mama!"

"Nimesikia, mama."

Akaiondoa. Nikaamini. Mimi nikishasema neno nyumbani kwangu, nilijua limesimama. Kumbe lilisimama mlangoni tu! Wakifika barabarani wanaitumia tena, wote wawili. Na aliyekuwa anamnunulia betri ni Mariamu, binti yangu wa kumzaa.

Siku yenyewe Mariamu alikuwa anakwenda Minago kwenye matanga. Shabani akampakia. Mimi nikawafungia mhogo kwenye kitambaa, nikawaambia wapitie kwa shangazi. Wakaenda. Barabara ilikuwa imefunguliwa, jua limeshapanda.

Kabla ya adhuhuri wanawake wa mawese wakamleta Mariamu kwenye machela ya magunia. Risasi ya nyonga. Kitenge chote damu! Walikuwa wanahema, na mmoja akaniambia maneno ambayo hata leo nayasikia.

"Tumepiga bidoni mpaka mikono imevimba, mama. Yule mutoto wako hakugeuza hata shingo!"

"Shabani? Amekufa?"

"Afe nini? Muzima kabisa. Wamemunyang'anya pikipiki, wamemwacha anatembea."

Hapo ndipo nilipokufa mimi. Mzima! Mwanangu wa kumzaa anavuja damu, mwanangu wa kunyonyesha mzima! Amesikia bidoni, akapita. Mtoto aliyelala kifuani kwangu ameniuzia mwenzake wa kifua! Mtu baki akikusaliti unaumwa, unapona. Wa ziwa lako akikusaliti unajiuliza ulimnyonyesha maziwa au sumu.

Tulimkimbiza Mariamu hospitali. Walipomwingiza ndani nikatoka, nikaenda moja kwa moja sokoni. Sikwenda kuswali, sikwenda kukaa peke yangu nipoe. Nilipanda juu ya sanduku la sabuni, mimi mwanamke wa heshima, nikapiga kelele: "Shabani wa Issa alisikia! Amemuuza mwanangu! Msimpande, msimpokee, msimpe maji!"

Na soko likapokea. Lo! Watu wanapenda habari. Nilipofika nyumbani neno lilikuwa limeshatangulia, limeongezewa miguu. Wengine wakasema wamemwona akipokea noti. Nani alimwona? Hakuna. Lakini wote walimwona!

Shabani akaja jioni hiyohiyo, jua bado halijazama. Vumbi mpaka kwenye kope. Waliomnyang'anya walichukua pikipiki, wakamwachia kaske. Alisimama uani, majirani wamejaa kwenye ua, wanangoja kuona.

"Mama, sikusikia."

"Hukusikia? Bidoni zote zile? Viziwi wa Kizuka wamesikia!"

"Wallahi mama, sikusikia. Mariamu yuko hai?"

"Usilitaje jina lake!"

Akaninyooshea ile kaske kwa mikono miwili, imefunguka juu kama bakuli. Nikadhani ananirudishia mali ya marehemu, ananidhihaki. Niliipiga teke. Ikabiringika mpaka kwenye banda la kuku. Mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akarusha jiwe. Shabani akanitazama mimi, si aliyerusha jiwe. Akageuka, akaondoka.

Vijana wakauvunja mlango wa Mzee Issa kumtafuta. Hawakumkuta. Alikuwa ameshapanda boti, amevuka kwenda Tanzania, kambi ya wakimbizi.

Mariamu alikaa hospitali muda mrefu. Nilikaa kitandani kwake, namlisha uji, namwambia: "Shabani alikuuza, lakini Mungu amekuokoa." Kila siku namwambia. Yeye anageukia ukutani. Nikadhani ni uchungu wa nyonga.

Alipoanza kutembea kwa fimbo, siku moja tunapembua mchele, akasema bila kuniangalia: "Mama, hakusikia. Hata mimi sikusikia."

"Unasema nini?"

"Tulikuwa na radio. Uzi mmoja kwenye sikio lake ndani ya kaske, mwingine kwangu chini ya mtandio. Mimi ndiye niliyesema ongeza sauti."

Ungo ulinitoka mkononi.

"Na muda wote huu umenyamaza?"

"Hukuniuliza, mama. Uliniambia. Kila siku uliniambia. Hukuniuliza hata mara moja."

Nilinyanyuka nikaenda kwenye banda. Ile kaske nilikuwa nimeiacha palepale, na kuku mmoja alikuwa ameifanya kiota. Nikamwondoa kuku, nikatoa mayai, nikatoa majani. Ndani, kwenye sponji ya upande wa kulia, kulikuwa na kipande cha waya mweusi, kimebandikwa kwa utepe. Mwisho wake umekatika, pale walipomnyofoa radio shingoni.

Ee Mungu wangu! Ndicho alichotaka nikione. Hakuwa ananirudishia mali. Alikuwa ananionyesha kosa lake mwenyewe, lile nililomwambia akilifanya asiniite mama. Alichagua nimjue mkaidi, nisimdhanie msaliti. Na kuhusu Mariamu na betri zake hakutamka neno, mbele ya ua mzima. Nami nikapiga teke.

Sasa nanyi mngedhani nilikimbia sokoni kusema nimekosea. Hapana. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, wala si pale pa kwanza. Pale pa kwanza nilikuwa na uchungu, mama yeyote anaweza kupotea. Hapa nilikuwa na akili zangu zote. Nilimwambia Mariamu: "Funga mdomo. Yamekwisha." Niliona aibu. Niliona mlango wa watu umevunjwa kwa kinywa changu. Nikajiambia huyo yuko Tanzania, yuko salama, neno litakufa lenyewe.

Halikufa! Mzee Issa alikuwa mshona viatu. Watu wakaacha kumpelekea viatu. Msikitini wakimpa mkono, wanampa vidole. "Baba wa muuzaji" ndilo likawa jina lake. Akafariki nalo. Nami nilikwenda mazikoni, nikapika wali wa watu, nikalia na wanawake wengine. Mkono uleule uliokuwa umeushika ule waya!

Na niseme kitu kingine, hata kama kitanishusha. Muda wote huo nilijihesabu mimi ndiye niliyesalitiwa. Nilikuwa na hasira na Shabani kwa kunificha, na Mariamu kwa kunificha, na wanawake wa soko kwa kulibeba neno langu mbali kuliko nilivyolituma. Nililala na usaliti wao, nikaamka nao. Wangu nilikuwa siuoni.

Amani ilipokuja, wakimbizi wakarudi. Na Shabani akarudi. Alikuja kwangu mchana, ndevu zimeingia mvi kabla ya wakati wake. Hakuvuka kizingiti.

"Salaam aleikum. Naweza kuingia?"

"Ingia."

Akakaa kwenye mkeka kama mgeni. Akainamisha kichwa.

"Nimekuja kukiri. Siku ile nilikuwa na radio. Ulinikataza, nikakuficha. Ndiyo maana sikusikia bidoni. Mariamu hana kosa, ni mimi. Sikumuuza, lakini nilimuumiza. Nimelibeba jambo hili kambini miaka yote, nasema nikifa mama hajui, itakuwaje? Nisamehe. Unaruhusu nikuite mama?"

Nilikuwa najua! Miaka yote nilikuwa najua! Kaske iko chini ya kitanda changu, waya uko ndani yake, na mtu huyu ananiomba msamaha ambao mimi nilishindwa kumwomba yeye.

Unajua nilisema nini? Nilisema: "Nimekusamehe, mwanangu."

Akanibusu mikono. Analia, anasema: "Murakoze mama. Murakoze cane." Na mimi nikaipokea ile asante. Nikaipokea kama mtu anayestahili!

Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Risasi haikuwa yangu, wala bidoni, wala radio. Ile asante ni yangu.

Leo anaishi Kigwena, anakata michikichi ya watu. Pikipiki hagusi. Akija soko la Rumonge wazee wananyamaza, na vijana ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa wananong'ona. Mjukuu wangu huyuhuyu wa Bluetooth aliwahi kuniuliza: "Bibi, ni kweli yule mzee alimuuza mama?" Nikamwambia anywe chai yake.

Sasa basi. Kwa ninyi mnaoendesha na sauti ndani ya kofia: toeni. Vita vimekwisha, lakini barabara bado inaongea na mtu. Lori linaongea, mtoto anayekimbilia mpira anaongea, mama anayekupungia mkono ana sababu yake. Ukisikiliza wa Bujumbura, wa mbele yako utamgonga.

Na kwa wenzangu wenye midomo: jina langu silitaji hapa, lakini wa Rumonge mtanijua tu. Siku ya soko nitakuwa palepale nilipopandia sanduku, na hii kaske ya zamani mkononi, niseme nilivyokosea. Mariamu nimemwambia. Alikwenda akaifuta kaske vumbi. Shabani sijamwambia, ataisikia habari hii kama alivyoisikia ile ya kwanza, kwa midomo ya watu. Kama hatataka tena kuniita mama, atakuwa na haki yake.

Kabla hujatangaza kwamba mtu alisikia akapita, pokea kofia anayokunyooshea. Itazame ndani.