Nafasi Inayotembea Kwenye Benchi

"Mama Judica, shemeji yako ameshachanganyikiwa," jirani yake Zita alimwambia Mectilda bombani, hata ndoo hajaitua. "Jana nimemwona nyuma ya zizi, amechuchumaa anaandika, anafuta, anacheka peke yake. Mwanasayansi gani hana hata hadubini?"

Mectilda alikaza kanga iliyombeba mtoto, akajitwisha ndoo, akaondoka. Maneno yale yalimuuma kwa sababu mama mkwe wake, Fransiska, alishayasikia na kuyaamini. Mdogo wake mama huyo alianza hivyo hivyo, kuongea peke yake, siku moja akatoka na hakurudi tena. Sasa mama alikuwa ameufungia mkoba wa shemeji huyo, Yoakimu, wenye karatasi zake zote, kwenye sanduku lake la nguo.

"Karatasi hizo ndizo zinazomla mwanangu," alisema. "Chuoni harudi."

Na Jumatatu Yoakimu alitakiwa kusimama mbele ya walimu wake wa fizikia, atetee kazi ya miaka minne.

Mectilda alimkuta shambani anapanda vitunguu saumu. Tuta zima lilikuwa limejaa punje, isipokuwa shimo moja katikati. Yoakimu alikuwa analitazama tu.

"Shemeji, hapo umesahau."

"Sijasahau. Hebu angalia." Alichomoa punje ya jirani akaitia kwenye lile shimo. Shimo likahamia ilikotoka punje. Akachomoa inayofuata, na nyingine, na nyingine. "Kila punje imesogea hatua moja. Shimo je, limefika wapi?"

Lilikuwa limefika ukingoni mwa tuta. Mectilda alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Si kama benchi la kanisani! Wa kule mwisho akitoka, watu wanasogea, wanasogea, mwishowe nafasi inanifikia mimi niliyesimama pembeni na mtoto. Na hakuna aliyeibeba."

Yoakimu alimtazama kama mtu aliyepewa maji. "Ndani ya madini mna vitu vidogo, elektroni, vinakaa hivyo hivyo. Mimi nakokotoa ile nafasi itatembeaje baridi ikizidi, au majirani wakigoma kusogea. Mashine wanazo wenzangu wa maabara. Yangu ni kalamu na karatasi."

"Na kucheka peke yako?"

"Hiyo ni siku hesabu ikikubali."

Wakacheka wote wawili. Kisha uso wake ukashuka. Alipangusa udongo mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Juzi nilijaribu kumweleza mama. Nikaanza na Kiswahili, nikajikuta naongea Kiingereza. Kwa Kiiraqw, lugha yake mwenyewe, sikupata hata pa kuanzia. Akaanza kulia, shemeji. Na basi la kurudi chuoni ni Jumamosi."

Mectilda alimbembeleza mtoto.

"Jioni akikaa kukamua, nenda ukae naye," Yoakimu alimwomba. "Madini yaache. Mwambie lile benchi, kwa Kiiraqw, kama ulivyoniambia mimi sasa hivi. Akielewa, labda atafungua sanduku. Mtoto nitakushikia."