Ufa Nyuma ya Kioo cha Mjomba

Wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, naishi Gisenyi kwa mjomba wangu. Shule ya msingi nilisoma Kigoma kwa Kiswahili, hapa nasoma kwa Kifaransa, na katika lugha zote mbili sijawahi kuweza kusema neno zito mbele ya mtu mzima. Ndiyo maana naandika.

Mjomba ni fundi bomba. Zamani alifanya kazi Bujumbura, mahali walipokuwa wanafuga samaki wa ziwa kwenye matangi ya vioo kabla ya kuwapeleka Ulaya, na huko alijifunza ufundi ambao mjini kwetu hakuna mwingine aliye nao. Sebuleni kuna akwariamu ndefu kama kitanda. Maji yanatoka kwa matundu mawili yaliyotobolewa chini, kwenye kioo cha nyuma, yanaingia kwenye pampu iliyo nje, kisha yanasukumwa na kurudi ndani kwa midomo minne ya mabomba. Ni yaleyale, yanazunguka saa zote, na samaki wetu wadogo wa Kivu wanaogelea kuukabili mkondo kama wanaenda safari. Hakuna ndoo katikati, hakuna mahali yanapomwagika. Mteja akija, Mjomba humwambia apitishe kidole kwenye kila kiungo. "Ukipata hata tone moja, nyumba yako nakuwekea bomba bure." Hakuna aliyewahi kupata.

Mimi ndiye niliyefundishwa kuitunza. Mke wake, Mama Issa, alicheka sana: "Kazi ya mabomba unapatia mutoto mwanamuke? Yewe, utaona!" Mjomba akamjibu mbele ya wageni kwamba mkono wangu ni mwepesi kuliko wa vijana wake wote wa kazi. Siku hiyo nilikwenda kulia chooni kwa furaha. Kwangu aliweka sharti moja tu: ile nati inayobana mpira wa kuzuia maji kwenye tundu la kioo inakazwa kwa vidole. Spana haikaribii kioo.

Mwezi uliopita alikuwa Mahoko kazini. Nilikuwa nasafisha mabomba, maana maji ya Kivu huacha chokaa nyeupe ndani, nikaona tone chini ya nati. Tone moja. Na alasiri ile mteja alikuwa anakuja. Nikakaza kwa vidole, likarudi. Nikakaza tena mpaka ngozi ikachubuka. Nikachukua spana. Robo mzunguko tu, nawaapia. Tone likakoma, nikafurahi, na papo hapo nikasikia sauti ndogo kama mtu anakata ukucha. Pembeni mwa tundu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, mfupi kama punje ya mchele.

Ndani ya maji nilisogeza jiwe jeusi la volkano likauziba usionekane. Mteja alikuja, akapitisha kidole, akasifu.

Tangu siku hiyo sina maisha. Upande wa ukutani nilitia alama ya wino pale ufa ulipoishia. Kila ukirefuka natia nyingine, na umeshapita alama tatu. Kila umeme ukikatika na kurudi, pampu inashtuka na kioo kinatetemeka. Kila bomba lina robine, yaani koki ya kufungia, lakini ufa uko kwenye kioo chenyewe, kabla ya robine. Kikiachia pale, hakuna cha kufunga. Maji yote yatashuka sebuleni. Na chini ya meza inayoibeba akwariamu, kwenye mkeka, ndipo Issa analala mchana. Ana miezi minane na hasinzii bila mlio wa pampu. Nikimwondoa, mama yake anamrudisha. "We, mutoto yangu amekukosea nini? Acha alale!" Sasa namfunga mgongoni kutwa nzima, nasema nampenda. Nampenda kweli, ila si hiyo sababu. Shuleni nimedanganya mara tatu kuwa naumwa. Mama yangu yuko Goma, anauza vitenge. Aliniita likizo, nikakataa. Akavuka mpaka mwenyewe kuja kuniona: "Umeolewa na samaki, siyo? Hata mama yako humtaki?" Nikacheka tu. Ni yeye aliyeniambia siku ananileta hapa, "Ukimchosha kaka yangu, unakwenda Kanzenze kwa bibi kulima viazi, na shule imekwisha."

Jana Mjomba aliingia anaimba. Mwenye nyumba ya wageni iliyo ufukweni anataka mabomba ya jengo zima, na mwisho wa mwezi anakuja kuangalia kazi ya Mjomba hapa sebuleni. "Wewe ndiye utamweleza, kwa Kifaransa. Changu mimi kinavunjikavunjika."

"Mjomba, mimi..."

"Wewe nini? Sema, mama."

Alingoja kweli, mkono wake uko begani kwangu, anatabasamu. Mdomo wangu ukafunguka. Nikasema, "Mimi nitaongeza maji."

"Jaza mpaka juu," akasema, "ayaone yanavyozunguka."

Ndoo nimeijaza, iko pembeni. Sijaimimina.

Kuna jambo moja sijawaambia. Gazeti hili Mjomba hulinunua kwa madereva wa mabasi, na ukurasa huu huusoma kwa sauti Jumapili baada ya chakula, sote tumekaa, anawahukumu waandishi mmoja mmoja. Mhariri, jina langu lifiche. Lakini mabomba nakuomba uyaache kama nilivyoyaandika, maana Gisenyi yote akwariamu ya namna hii ni moja. Bahasha nimeifunga, nimeifungua, sasa nitaifunga tena.

Nishaurini, dada na kaka zangu, ingawa najua jibu lenu litachelewa. Nimwambie kwa mdomo kabla gazeti halijafika, au nikae pale mkekani nimsikilize akisoma? Na kama mnasema kwa mdomo, basi niambieni, naanza na neno gani?