Kiti cha Binti Yangu kwenye Ukuta wa Miujiza

Kiti cha binti yangu kilitundikwa kwa waya ukutani, katika kanisa moja la mabati huko Kawangware, katikati ya magongo na miwani ya watu wengine. Juu yake waliandika kwa rangi nyekundu: AMETEMBEA.

Hajatembea. Hata kuketi haketi bila kile kiti.

Alizaliwa akachelewa kulia, ubongo ukaumia. Shingo yake hulala upande, mgongo haumshiki. Fundi mmoja anayetengeneza vitanda kando ya barabara ya Ayany ndiye aliyemchongea kiti. Alimpima kwa kamba kama mshonaji, akaweka sponji ubavuni, mkanda kifuani na kimeza mbele. Siku ya kwanza kuketishwa, binti yangu alikitazama chumba chetu cha mtaani Kianda kana kwamba tumehamia nyumba mpya. Alikuwa amezoea kuona mabati ya juu tu. Akanywa uji bila kupaliwa. Nikalia. Fundi akanicheka: "Sasa mama, unalilia mbao?"

Jirani alinipeleka Kawangware kwa mapenzi mema. Kanisa lile lina desturi yake: hungoji upone ndipo ushuhudie. Unashuhudia kwanza, muujiza unafuata. Mwenye magongo anayaacha madhabahuni. Mwenye miwani anaiacha, anarudi kwake akipapasa njia. Ukirudi na kitu chako nyumbani, wanasema umemtandikia shetani godoro.

Mchungaji alichuchumaa mbele ya mtoto, kipaza sauti mkononi. "Mama, huyu ashapona. Kinachomfunga ni hiki kiti. Unaamini?"

"Naamini."

"Nusu ama yote?"

Watu wakacheka, kicheko cha kuninyanyua. Nikasema yote.

"Basi kiti bado kinafanya nini hapa?"

Nikafungua mkanda mwenyewe. Mchungaji akamshika kwapa moja, mimi lingine, tukamvuta juu ya zulia, miguu ikiburuzika nyuma kama nguo iliyoloa. Kanisa likalipuka: anatembea! Nikawekewa kipaza sauti mdomoni, nikasema anatembea. Kisha nikatoka nimembeba mgongoni kwa leso. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa kwamba mtoto anayetembea amebebwa.

Nyumbani nikawa namlisha mapajani. Kila kijiko, kikohozi. Midomo ikawa inabadilika rangi, kifua kikawa kinakoroma hata akilala. Hospitalini daktari akasema chakula kinaingia kwenye mapafu. "Unamlishia wapi? Hana kiti?"

Ningemwambia nini? Kwamba anacho, kiko ukutani kinamshuhudia Mungu?

Nilipomrudia mchungaji, hakusema Mungu amekataa. Huwa hawasemi hivyo. Alisema, "Muujiza ulikuja, mama. Umeupotezea njiani. Nani alimpeleka hospitali?"

"Mimi."

"Umeona sasa."

Mtoto akipona, sifa ni za mchungaji na Mungu wake. Asipopona, ni mamake. Nimemaliza kidato cha nne mimi, si mjinga, na bado nilienda nikafunga chakula nikiwa nabeba mtoto mchana kutwa. Nikatubu ile mimba iliyonikuta shuleni. Nikatubu hasira. Nikatubu kumpeleka kwa daktari. Siku moja nikajikuta natubu kwamba nampenda kuliko Mungu, na nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu nikaenda kwa fundi kuazima koleo.

Nilifika kanisani adhuhuri. Alikuwepo mhudumu mmoja tu, mama wa makamo, akipiga deki. Nilikuwa nishapanda benchi nakata waya ndipo akaja mbio.

"Wee dada! Hicho ni cha Bwana sasa!"

"Bwana anakikalia?"

"Ukikitoa ugonjwa utarudi kwa mtoto."

"Ulienda wapi ndio urudi? Njoo ulale kwangu umsikie anavyokoroma."

"Na watu wakiona pengo hapo juu? Unataka kuua imani yao?"

Nikabana koleo. Waya ulikatika, kiti kikaniangukia begani. Yeye akabaki ameinua uso kuelekea ukutani, amekunja macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Hebu niangalilie. Kuna miwani ya kahawia hapo?"

"Ipo. Nikutolee?"

Akarudi nyuma kana kwamba nimemwonyesha nyoka. "Shetani ashindwe!" Akainama, akaendelea kupiga deki mahali palipokwisha kupigwa.

Nilikibeba kichwani hadi Kianda. Nikamweka binti yangu ndani, nikafunga mkanda. Ukalegea. Nikaukaza hadi tundu la mwisho, bado ukalegea. Fundi alimpima akiwa na mwili, sasa hana. Nilijaza pembeni na sweta zangu ili asianguke.

Ndivyo tunavyokaa mpaka leo. Kiti kimerudi, kifua kimekataa kupona. Daktari haniahidi kitu, na ninamheshimu kwa hilo. Namlisha polepole, kijiko, nangoja, kijiko. Akikohoa, kabla mkono wangu haujafika mgongoni mwake, ninasikia: umeupotezea njiani.

Ni uongo, najua ni uongo. Ningemtemea mate usoni aliyeupanda ndani yangu. Halafu mtoto anakohoa tena, nami ninajikagua upya, tangu mwanzo, nikitafuta ni wapi nilipoamini nusu.